Jiwe na Jumanne

Mimi ndiye niliyepaka sabuni.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yangu machimboni Karara
ilikuwa hiyo tu: ndoo, tambara, magogo,
ili jiwe la marumaru liteleze mlimani
polepole, limefungwa kamba tatu,
kama ng'ombe anayepelekwa mnadani huku akijua.

Mbele ya jiwe alitembea Nevio kinyumenyume, bonde mgongoni,
akipokea gogo lililoachwa nyuma, akilitanguliza.
Mkono juu: achia. Mkono chini: kaza.
Hakupiga kelele. Jiwe, alisema, lina masikio.

Saa ya mkate alikuja Ilario,
likizoni kutoka seminari, kola mpya shingoni,
akatutegea:
Je, Mungu aweza kuumba jiwe asiloweza kulinyanyua?
Ukisema ndiyo, kuna jiwe limemshinda.
Ukisema hapana, kuna jiwe limemshinda bado.
Tulicheka mpaka vipande vya nyama vikatudondoka magotini.
Nevio akafuta kisu kwenye suruali.
"Mungu wako hajawahi kushusha mawe.
Kunyanyua si kazi. Kazi ni kuzuia."

Jumanne iliyofuata kamba ya kati ilikatika.
Sitasimulia.
Jiwe lilifika chini zima, bila ufa,
na mwenye machimbo aliliuza.

Ersilia hakulia kanisani. Alingoja misa ya siku ya thelathini,
akamkuta Ilario ngazini, akamshika mkono wa kanzu:
"Wewe uliyesoma. Sikuulizi habari za jiwe.
Nauliza habari za Jumanne.
Aweza kuifanya iwe haikuwapo?
Si kumfufua; hilo nimelisikia, hilo ni la siku ya mwisho.
Nataka awe hakufa."

Ilario akaeleza, na masikini alieleza vizuri:
kwamba duara lenye pembe nne si kitu,
ni pumzi tu iliyopita mdomoni;
kwamba kuomba lililokwisha kuwa liwe halikuwa
ni kumwagiza mwokaji mkate usio mkate
kisha kumlaumu kwa kikapu kitupu.
Maji yakimwagika hayazoleki, akamaliza,
hata na mwenye mito.
"Mimi sikuomba duara," Ersilia akasema.
"Niliomba mume aje kula."

Miaka hamsini nimelala na mabishano yale.
Ujanani nilimtaka Mungu asiyefungwa na lolote,
hata na mbili na mbili,
Mungu wa kuamka alfajiri akasema: haikuwa.
Kisha nikamwogopa huyo.
Angeweza kusema ndiyo yenye hapana tumboni,
na mimi, niliyeungama mara zisizo na idadi,
ningejuaje kuwa msamaha wake si hukumu?
Jiwe lisilo na kamba si jiwe huru. Nililiona.

Lakini kamba hiyo nani aliifunga?
Ilario, sasa mzee na kiziwi, hupaza sauti kwamba si kamba, ni mfupa:
mtu hafungwi na uti wake wa mgongo.
Labda.

Ersilia alifika kwingine, kwa miguu yake.
Mwaka wa tisa, akianua nguo, aliniambia:
"Kama hawezi kuifuta Jumanne,
hawezi kuifuta Jumatatu.
Jumatatu Nevio alikwangua sufuria kwa kidole
akasema chumvi imezidi.
Hilo limekuwa. Hakuna wa kulifikia,
si mwenye machimbo, si kifo, si Yeye."
Akakunja shuka, ncha kwa ncha.
"Basi na akae hapa nami. Siku moja imetushinda sote wawili."

Sikumwambia habari za ndoo.
Kwamba asubuhi ile sabuni ilizidi, au haikuzidi;
nimesahau, na moja kati ya hizo ni kweli
na itabaki kweli,
na yupo mmoja tu anayeijua,
wala hawezi, hata akinihurumia,
kunipa zote mbili.